Midomo ya Mbwa wa Baba

Upepo wa mwezi wa nane huku kwetu hauna adabu. Unaingia na vumbi lake hata kwenye sufuria yenye kifuniko, na ukiwa mtu wa Kitui unajua kwamba ukisahau kujipaka mafuta asubuhi, kabla jua halijapanda midomo imeanza kukuvuta. Mimi ni fundi wa kushona nguo pale Kabati. Wakati huo wa mwaka wateja wangu wakiingia hulamba midomo kwanza ndipo wasalimie, na mimi huinamia cherehani nikicheka peke yangu. Wakiniuliza nacheka nini, nasema hakuna. Utamwambiaje mtu mzima na heshima zake kwamba amekukumbusha mbwa wa baba yako?

Baba alikaa upande wa Tulia, kwenye boma alilolijenga na mama walipooana. Nyumba ya matofali, ghala la mahindi, jiko la nje, na ua wa miti ya miiba uliokuwa na lango moja la mbao. Kwenye miti ya nyuma alitundika mizinga yake ya nyuki. Siku hizi nikipita huko kuna kufuli langoni, na miiba imeota mpaka njiani. Sipendi kusimama hapo sana.

Mama alifariki kabla ya baba. Tulimzika nyuma ya ghala, na wageni walipoondoka tukabaki mabinti wawili, mimi na dada yangu mkubwa, kufanya ile kazi ya mwisho ya kufagia, kufua na kugawa vitu vya marehemu. Dada ameolewa Kathonzweni, ni mwalimu, na mkono wake ni wa usafi kupita kiasi. Alitupa kila kitu kilichokuwa na masizi. Alitupa vijiko, alitupa vibuyu vilivyopasuka, alitupa na kile kisufuria cheusi kisicho na mkono alichokuwa akilia mbwa. Akaenda sokoni akarudi na bakuli la plastiki la kijani, linang'aa, akasema hata mbwa ni kiumbe cha Mungu, aache kula kwenye takataka. Sote tulimshukuru.

Niseme mapema kwamba dada yangu si mtu mbaya, maana nikiendelea utamwona kama mkoloni. Alikuwa na nyumba nzuri, tangi kubwa la maji, stima, na chumba alichompakia baba rangi ya maziwa. Alitaka baba ahamie huko. Jioni ile ile baada ya usafi alimweleza, na baba akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema kwa upole, "Mama yenu mmemweka hapo nyuma. Sasa mimi nikienda Kathonzweni, yeye nimwache na nani?"

Lakini dada hakubali kitu bila sharti. Alisema mzee hawezi kulala peke yake kwenye boma lililo mbali na majirani, na wezi wa mbuzi wanavyozunguka. Tukaelewana hivi: baba atabaki kwake maadamu mbwa yupo na anabweka. Siku mbwa hayupo, au yupo kama pambo tu, baba anafunga nguo zake anaenda Kathonzweni bila maneno. Baba alikubali haraka sana. Mbwa huyo alikuwa mkali mpaka mchungaji wa kanisa letu alikuwa akisalimia kutoka barabarani.

Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Baba hakuwahi kumpa jina. Alimwita "wewe" tu, na mbwa alijua ni yeye.

Miezi ikapita vizuri. Mimi nilikuwa nikifunga duka Jumapili na kuja kula na baba baada ya ibada. Mwaka uliofuata, mvua ilipoisha na mbaazi zikaanza kukauka shambani, niliona mbwa anakula kwa upande, kama mtu anayeumwa jino. Nikamshika kidevu nikatazama. Midomo yake ilikuwa imekauka ikawa na magamba ya kijivu, na kwenye kona za mdomo, pale ngozi inapojikunja, kulikuwa na nyufa nyekundu. Alipopiga mwayo ufa mmoja ukafunguka ukatoa damu. Akalia kidogo, akafunga mdomo polepole.

"Ni huu upepo tu," baba akasema. "Hata mimi midomo inaniuma."

Ningekubali, lakini jioni ile alipita mtu na ng'ombe karibu kabisa na lango, na mbwa hakubweka. Alisimama, manyoya ya mgongo yakasimama, akanguruma na mdomo umefungwa. Nikaelewa kwamba kubweka ni kufungua mdomo wote, na kufungua mdomo wote ni kujipasua upya. Nilimwangalia baba, naye akaangalia pembeni. Yeye alikuwa amejua kitambo.

Na dada naye ana masikio. Alikuwa akimpigia baba simu kila jioni. Jumapili moja nikiwepo, simu ikalia, ile simu ndogo ya kubonyeza ambayo sauti yake husikika mpaka jikoni. Baada ya salamu, dada akauliza, "Baba, mbona siku hizi simsikii mbwa?"

"Yupo hapa. Amelala."

"Mwamshe basi nimsikie."

Baba alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama baba. Kisha baba yangu, mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele ya watu na kusoma matangazo, akaiweka simu mbali kidogo, akageuza uso kuelekea ukutani, akabweka. Alibweka mara kadhaa na kumalizia na mngurumo.

Nilikuwa nimejiziba mdomo na leso.

"Baba," dada akasema, "huyo mbwa ana kikohozi chako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba pia alicheka, lakini dada hakucheka. Alisema amesikia vya kutosha, na kwamba shule zikifungwa mwezi wa nane atakuja na pikapu ya mume wake. Kama mbwa bado ni bubu, baba aanze kufunga nguo. Simu ilipokatika baba alikaa ameishika. Tulikuwa tukisema Kikamba, na maneno aliyoniambia baadaye hayakai vizuri kwa Kiswahili, lakini akiniita mama, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao, maana yake ilikuwa, "Mama, nisaidie. Mimi nikitolewa hapa sitafika mbali."

Baba hakuwa mtu wa kuomba.

Tukaanza matibabu, na ni lazima nicheke kabla sijaeleza. Kwanza baba alimpaka samli. Mbwa gani atapakwa samli mdomoni aiache pale? Aliilamba yote, akaketi mbele ya baba akingoja nyingine, na kule kulamba kukazidi kuikausha midomo. Mimi nikaja na yale mafuta yangu ya midomo yenye baridi kali, yale ya kupaka ukiwa na mafua. Nilimpaka kwa nia njema kabisa. Alipiga chafya kama mtu aliyevuta ugoro, akasugua mdomo kwenye mchanga, kisha wiki nzima akiniona langoni anaenda kukaa nyuma ya jiko.

Halafu ikaja asali.

Ukiwa mtoto wa mfuga nyuki kwetu Ukambani, asali ni dawa ya kila kitu. Ukiungua, asali. Ukikohoa, asali. Mtoto akitoka vidonda mdomoni, asali. Kwa hiyo baba aliponiambia ametenga kidogo ya mavuno ya mwisho kwa ajili ya mbwa, sikuona ubaya wowote. Hata mimi nilijiuliza mbona hatukuanza na hiyo. Sisi wawili, watu wazima, tuliokulia chini ya mizinga, tulisahau jambo ambalo kila mtu wa huko anajua. Wakati wa ukame maua hakuna, na nyuki wana njaa kuliko mbuzi.

Ilikuwa Jumapili, adhuhuri, jua limekaza. Baba alimshika mbwa katikati ya magoti, akampaka asali pande zote mbili na kwenye kona, kwa kidole, akimbembeleza. Alipaka nyingi, maana alisema akilamba hii ibaki ile. Nyuki wa kwanza alikuja nikamfukuza na leso. Wakaja wengine. Kufikia hapo baba alikuwa ananiambia nisipunge mikono, nitawaudhi, na mimi namwambia amwachilie mbwa, na yeye hataki kumwachilia asije akapaka asali yote kwenye vumbi. Mbwa ndiye aliyekuwa na akili. Alijinyofoa, akatoka mbio akipiga kichwa huku na huku, akapenya chini ya ua, na wingu dogo la nyuki nyuma yake.

Baba aliumwa mkononi, mimi shingoni. Hatukujali. Tulisimama langoni tukiita, na jinsi ya kumwita mbwa asiye na jina ndiyo hiyo, baba akipaza sauti, "Wewe! Wewe!" na watu wanaotoka kanisani wakigeuka kila mmoja akidhani ni yeye.

Mbwa alirudi kesho yake asubuhi. Baba alinipigia nikaacha nguo ya bibi harusi mezani nikachukua bodaboda. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, jicho moja limeziba, na nyufa zote zimefunguka. Hakutaka hata maji. Alilala kando ya ghala, upande ule wa kaburi la mama, na baba alikuwa ameketi chini karibu naye, miguu imenyooshwa kama mtoto.

"Mwambie dada yako aje tu," akasema. "Nimechoka kumtesa huyu. Na mizinga mnitafutie mtu wa kuichukua."

Nilimkasirikia. Sijui hasira ile ilitoka wapi, lakini nilimwambia kwamba yeye hajachoka, na kama amechoka anywe uji, mimi naenda Kabati na nitarudi, na asiguse kitu chochote kitamu. Nilipopanda tena bodaboda nililia njia nzima, mwendeshaji akijifanya haoni.

Pale Kabati kuna agroveti, duka la pembejeo na dawa za mifugo, ninayopita kila siku bila kuingia. Mama anayeuza humo alinisikiliza bila kucheka, hata nilipofika kwenye nyuki, ingawa aliinama akapanga chupa kwa muda. Hakukimbilia kuniuzia kitu. Aliuliza mbwa ana umri gani, kama anajikuna mwilini, kama pua nayo imekauka, anakunywa maji ya wapi, anakula nini. Nikajibu. Kisha akauliza, "Na anakulia kwenye chombo gani?"

Nikamwambia, bakuli zuri la plastiki, alinunuliwa.

"Linakaa juani?"

"Liko nje siku zote."

Akaniambia mbwa wengine ngozi yao haipatani na plastiki. Ikipigwa na jua na kutafunwa pembeni inakwaruza mdomo, na kwenye mikwaruzo uchafu unakaa hata ukiosha. Mwondolee hilo, akasema. Safisha midomo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo sana, kausha kwa kitambaa laini, paka mafuta ya nazi yasiyo na manukato, membamba, kisha mshughulishe mpaka yaingie ndipo umwache. Maji safi ya kunywa kila wakati, na mafuta kidogo kwenye chakula. Uvimbe wa nyuki alisema utulizwe kwa kitambaa cha maji baridi. Kama baada ya hapo kona zinanuka au zinatoa usaha, au hanywi maji mpaka kesho, nisikae na mafuta yangu, nimwite daktari wa mifugo. Nilinunua mafuta ya nazi nikarudi Tulia.

Nilimweleza baba. Hakumlaumu dada. Aliliinua lile bakuli la kijani, akapitisha kidole kwenye ukingo wake uliotafunwa, akalitupa juu ya paa la jiko. Tukatafuta chombo kingine. Ndipo nilipoona kwamba katika boma lile kila kitu kilikuwa plastiki. Sahani, vikombe, beseni, ndoo, hata lile karai la kunyweshea mbuzi lilikuwa ni mtungi wa plastiki uliokatwa katikati. Sufuria zilikuwa mbili, za kupikia. Nikasema nitaleta chombo Jumapili.

Baba aliingia ndani. Alitoka na bakuli la bati la mama, lile jeupe lenye maua ya bluu, ambalo siku ya usafi alilichukua mwenyewe kutoka kwenye rundo la kutupwa bila kumwambia mtu. Alikuwa akilia muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ndani yake kila siku tangu tumzike mama. Aliliosha, akatia maji, akaliweka mbele ya mbwa.

"Baba, hilo hapana," nikasema.

"Yeye angefanya hivyo," akanijibu.

Mbwa alinusa. Akakaa kidogo. Kisha akaanza kunywa taratibu, kwa ncha ya ulimi, na mimi nikageuka nikajidai naokota kuni.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko zote nilizoishi na baba, na sijui kwa nini, maana hazikuwa na jambo. Nilifunga duka mapema nikawa naenda Tulia karibu kila alasiri. Nilichemsha maji, baba akamshika mbwa, mimi nikaosha ile midomo kwa kipande cha shuka kuukuu. Magamba yalilainika yakatoka yenyewe. Baba hakutaka niyabandue. Kisha mafuta ya nazi, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole. Halafu ikabaki ile kazi ya kumzuia asilambe, na baba aliifanya kwa kuongea. Alimshika kidevu akamwangalia usoni akamweleza mambo. Alimweleza jinsi mama alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu viatu vyake havikulingana. Alimweleza mwaka walipochimba mchanga wa mto wakitafuta maji mpaka wakakata tamaa, na mama akasema tuchimbe tena kidogo. Mengine sikuwahi kuyasikia. Mbwa alisikiliza, sikio moja juu, akasahau mdomo wake. Mimi nilikaa pale na kitambaa chenye maji nikitamani asipone haraka.

Alipona. Uvimbe ulishuka, ngozi ikarudi nyeusi na laini, kona zikafunga. Akaanza kula kwa mdomo wote. Lakini kubweka hakubweka. Watu wakapita, ng'ombe wakapita, yeye akanguruma tu na mdomo umefungwa, kama aliyezoea kuogopa. Baba alijaribu kumtania, alijaribu kumrushia kijiti, wallahi nilimkuta siku moja anambwekea uso kwa uso. Shule zikafungwa. Dada akapiga simu kusema anakuja Ijumaa, na baba akaniambia nimpigie pasi shati lake la kitenge.

Ijumaa hiyo tulikuwa ndani, baba na mimi, tunakunywa chai. Begi lake lilikuwa karibu na mlango. Alilifunga mwenyewe, sikumsaidia. Tulisikia pikapu ikisimama barabarani, mlango wa gari ukapigwa, halafu viatu vya dada kwenye changarawe. Baba aliweka kikombe chini. Lango likalia kwenye bawaba zake.

Na mbwa akabweka.

Alibweka kwa kifua kizima, mpaka vifaranga vikakimbilia ndani ya nyumba. Nilisikia dada akirudi nyuma, lango likifungwa kwa kishindo, akimwita mbwa kwa upole, na upole huo ukamwongezea mbwa moto. Niliinuka nikamtulize. Baba akanishika mkono akanikalisha. Alichukua kikombe chake tena, akanywa, akafuta masharubu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa ya mtu asiye na haraka.

"Nani huyo?" akauliza kwa sauti.

"Ni mimi, baba!"

"Wewe nani?"

Dada akataja jina lake. Mbwa akalimeza kwa kubweka. Baba akanywa tena.

"Na umekuja na nini?"

Mbwa akaendelea kubweka. Kupitia dirishani nilimwona dada yangu amesimama nyuma ya miiba, mifuko mikubwa mitupu imekunjwa kwapani, viatu vyake vizuri vimejaa vumbi, anamtazama mbwa, kisha nyumba, kisha kule nyuma ya ghala. Alikutazama kule kwa muda. Halafu akaitupa ile mifuko nyuma ya pikapu.

"Na mikono mitupu, baba," akasema. "Nimekuja kukusalimia tu."